Medali ya bia haikupimii ini

Ikiwa wewe ni mmoja wa wale wanaopitia baa jioni kabla ya kufika nyumbani, huenda umeziona medali zinazochapishwa kwenye karatasi za chupa za bia. Ni duara la rangi ya dhahabu, jina la mji na mwaka. Medali hizo hupendeza macho, na zimewekwa hapo ili zikupendeze. Lakini je, zinakwambia nini hasa? Na ni nini ambacho hazikwambii?

Swali hili si la walevi peke yao. Sisi madaktari tunaotibu watu hapa Machakos hulisikia kila mara kwa sura nyingine. Ukimuuliza mgonjwa mwenye shinikizo la damu kama anakunywa pombe, hujibu upesi kwamba yeye hunywa bia tu, tena bia ya maana, iliyoshinda hata Ulaya, wala hagusi zile takataka za vichochoroni. Maana ya jibu hilo ni kwamba ubora wa kinywaji umegeuzwa kuwa cheti cha afya. Nashikilia kuwa huko ni kujidanganya, na ningependa tulijadili jambo hili kwa utaratibu.

Fahali na riboni yake

Wengi wetu tumewahi kuhudhuria maonyesho ya kilimo. Fahali wa Boran hashindanishwi na Freshia, wala embe halishindanishwi na chungwa. Kila mmoja huwekwa pamoja na wa aina yake, na mwamuzi hujiuliza swali moja tu: je, huyu ni mfano mwema wa aina yake? Akiridhika, fahali huvishwa riboni.

Mashindano ya bia huendeshwa vivyo hivyo. Yale yanayoitwa Kombe la Dunia la Bia yalianzishwa Marekani mwaka 1996, na siku hizi yana vitengo zaidi ya 100. Kuna vitengo vya laga za rangi ya majani makavu, vya stauti nyeusi, vya bia za ngano, na vya bia chachu za Kibelgiji ambazo mnywaji wa hapa kwetu angezirudisha kaunta akidai zimeharibika. Waamuzi huletewa vikombe vidogo vyenye nambari tu. Hawaambiwi bia ni ya nani, inatoka wapi, wala inauzwa kwa bei gani. Hutazama rangi na povu, hunusa, huonja, kisha hulinganisha walichoonja na maelezo ya kitengo hicho.

Hapa ndipo matokeo ya ajabu huzaliwa. Bia tamu sana inaweza kukosa hata shaba kwa sababu imeingizwa katika kitengo kisichoifaa. Uchachu unaoiangusha laga ndio huohuo unaoipa dhahabu bia chachu ya Ubelgiji. Huko Marekani, bia za bei nafuu za viwanda vikubwa, ambazo mafundi wa bia huzicheka, mara kwa mara zimenyakua medali katika vitengo vya laga nyepesi, kwa kuwa kitengo hicho hudai bia isafike, iwe nyepesi na isiwe na kasoro. Kiwanda kikubwa kinajua kufanya hivyo kuliko mtu yeyote.

Basi usishangae sana ukisikia kwamba bia usiyoijali imeshinda na unayoipenda imeachwa. Mwamuzi hakuulizwa ni bia gani iliyo tamu zaidi duniani. Wala hakuulizwa kama inakufaa wewe. Riboni ya fahali haisemi kama nyama yake inamfaa mtu mwenye jongo, na medali ya bia vilevile haijui lolote kuhusu ini lako.

Utepe wa buluu

Tena medali hudumu kuliko kilichomo ndani ya chupa. Chukua mfano wa bia ya Pabst ya mji wa Milwaukee, Marekani. Kuanzia mwaka 1882 kampuni hiyo ilizifunga chupa zake tepe za hariri za rangi ya buluu. Mwaka 1893 yalifanyika maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago, na ukazuka mzozo mkali kati ya Pabst na Anheuser-Busch wa St. Louis juu ya nani hasa aliyeibuka wa kwanza. Pabst walijitangazia ushindi, na baadaye bia yao ikaitwa rasmi Blue Ribbon, yaani utepe wa buluu. Kwa miongo mingi mkebe wake umeendelea kutaja ule mwaka wa 1893.

Hebu fikiria, msomaji. Bia iliyoonjwa Chicago ilikwisha kunywewa, wanywaji wake wamekufa, na waamuzi wake wamesahaulika. Sifa ndiyo iliyobaki. Hivyo unapoona medali, angalia kwanza mwaka wake. Pili, fahamu kwamba si tuzo zote zinazotolewa kwa mshindi mmoja. Shirika la Monde Selection la Ubelgiji, lililoanzishwa mwaka 1961, halishindanishi bidhaa na bidhaa. Kila bidhaa hupewa alama kivyake, na zote zilizofikia kiwango cha dhahabu hupata dhahabu, hata zikiwa nyingi. Hakuna hila hapo, kwani utaratibu wao uko wazi. Ni sisi tunaosoma "dhahabu" tukadhani ni mbio za Olimpiki.

Ulimi hudanganyika

Wako watakaosema, "Mimi sihitaji waamuzi. Ulimi wangu unaijua bia yangu." Mwaka 1964, watafiti Ralph Allison na Kenneth Uhl walichapisha uchunguzi waliofanya Marekani. Waliwapa wanywaji chupa za bia zisizo na jina, wakazinywe nyumbani na kuzipa alama. Wanywaji kwa jumla hawakuweza kuitambua bia waliyozoea, na bia zote zilipata alama zinazokaribiana. Zilipoletwa zikiwa na majina yake, kila mtu akaipandisha bia yake juu ya nyingine. Kilichobadilika ni karatasi iliyobandikwa kwenye chupa.

Wataalamu nao hawasalimiki. Mwaka 2001, Frédéric Brochet na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza jinsi walivyoitia rangi nyekundu divai nyeupe, wakawapa wanafunzi 54 waliokuwa wakisomea elimu ya divai. Wanafunzi wakaieleza kwa maneno yanayotumiwa kwa divai nyekundu. Na mwaka 2008, Robert Hodgson wa California alichapisha matokeo ya kuwapima waamuzi wa mashindano ya divai kwa kuwaletea divai ileile mara tatu bila wao kujua. Ni kama mwamuzi mmoja tu kati ya kumi aliyetoa alama zilizobaki ndani ya daraja moja la medali.

Sisemi haya ili kuwadharau waamuzi. Nakumbuka tu kwamba ulimi ni kiungo cha mwili kama goti. Huchoka. Ukionja bia chungu na kali, ile laini inayofuata huonekana kama maji. Alkoholi yenyewe huipa bia uzito na utamu fulani mdomoni, na ndiyo sababu katika safu ya vikombe vingi bia kali hujitokeza upesi. Mnywaji wa kawaida naye huangukia mtego huohuo. Baada ya stauti mbili, laga humkinaisha.

Siku bia dhaifu iliposhinda

Pamoja na hayo yote, kuna matokeo ya mashindano ambayo kama daktari niliyapenda sana. Nchini Uingereza kuna chama cha wanywaji kiitwacho CAMRA, kilichoanzishwa mwaka 1971, na tangu 1978 kimekuwa kikimteua bingwa wa bia za nchi hiyo. Kwanza bia hushindana ndani ya vitengo. Washindi wa vitengo kisha hukutana katika fainali, na hapo bia dhaifu hukaa meza moja na bia kali.

Mwaka 2000, taji hilo lilichukuliwa na Black Cat ya kiwanda cha Moorhouse's mjini Burnley. Hiyo ni bia ya aina ya maildi, bia laini na nyeusi waliyoizoea wafanyakazi wa viwandani na migodini, na alkoholi yake ni asilimia 3.4 tu. Mwaka 2007 maajabu yakarudi: maildi ya kiwanda kidogo cha Hobsons, yenye asilimia 3.2, ikazishinda bia zote za nchi. Zilikuwapo bia zenye nguvu mara mbili yake, nazo zikaachwa nyuma.

Kwa nini maildi ikashinda? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu ilipewa kitengo chake. Kama ingetupwa tangu mwanzo katikati ya bia kali, huenda ingefifia. Lakini ilitangulia kupimwa na wenzake, ikaonekana ilivyo bora, kisha ikaingia fainali kwa heshima. Jambo hili lina funzo kwetu sote. Nguvu ya pombe si kipimo cha uzuri wake. Yule anayeagiza kinywaji kwa kuuliza ni kipi kinacholewesha haraka hana haki ya kujiita mpenzi wa bia.

Hesabu ambayo medali haifanyi

Sasa tuje kwenye hesabu, nayo si ngumu. Chukua ujazo wa chupa kwa mililita, zidisha kwa asilimia ya alkoholi, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.789 ambao ni uzito wa mililita moja ya alkoholi. Jibu ni gramu za alkoholi.

Chupa ya Tusker ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina takriban gramu 17. Bia ya asilimia 3.2 kwa ujazo huohuo ina gramu 13 hivi. Stauti ya asilimia 6.5 ina karibu gramu 26. Na zile bia kali za asilimia 10 zinazozidi kupendwa na vijana wa mijini zina gramu 39 kwa mililita 500. Bia hizi nne zote zaweza kuwa na medali ya dhahabu, kila moja katika kitengo chake. Machoni pa mnunuzi medali ni sawa. Kwenye ini, ya nne ni sawa na tatu za ile nyepesi.

Ini la mtu mzima kwa kawaida husafisha kama gramu 8 za alkoholi kwa saa. Kahawa haliharakishi, wala maji baridi, wala supu ya mbuzi. Mtu akianza stauti saa mbili usiku na kumaliza chupa nne, amejitwisha gramu zipatazo 102. Itachukua takriban saa kumi na tatu kuzimaliza. Saa moja asubuhi, anapokamata usukani kwenda kazini Nairobi, akiwa ameoga na kupiga mswaki, damu yake bado ina pombe. Harufu imekwisha lakini kazi ya ini haijakwisha.

Uingereza, kwa mwongozo wake wa mwaka 2016, huwashauri wanaume na wanawake sawasawa wasizidishe gramu 112 hivi kwa wiki, tena zisinywewe kwa mkupuo mmoja. Hizo hazifiki chupa saba za asilimia 4.2 kwa wiki nzima. Wako watu wanaozimaliza Ijumaa na Jumamosi. Shirika la Afya Duniani lilikwenda mbali zaidi mwaka 2023 kwa kutangaza kuwa hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa salama kabisa kwa afya. Na tangu mwaka 1988, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka pombe katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Saratani hizo ni pamoja na za mdomo, koo, umio, ini, utumbo mkubwa na matiti. Chembe za mwili hazijui kama alkoholi ilitoka kwenye kinywaji cha dhahabu au cha shaba.

Wenye kuhitaji hadhari zaidi

Wako wasomaji ambao hata chupa moja huwatia hatarini. Mwenye kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge anaweza kushukiwa na sukari ghafla, hasa akinywa kabla ya kula, na watu wakadhani amelewa tu. Anayetibiwa kifua kikuu hutumia dawa ambazo tayari zinalipa ini kazi kubwa. Anayemeza metronidazoli, ambayo wengi huiita Flagyl, huonywa aiache pombe kabisa hadi siku chache baada ya kumaliza dozi. Mnywaji wa kila siku asimeze panadol ovyo ili kutuliza kichwa cha asubuhi.

Mwenye jongo ajue kwamba bia huongeza asidi ya yuriki mwilini, na ikiandamana na nyama choma kidole gumba cha mguu kitamkumbusha usiku wa manane. Mama mjamzito asiguse. Na mwenye shinikizo la damu aelewe kwamba kupunguza pombe ni sehemu ya matibabu kama vidonge vyenyewe.

Nitaongeza onyo moja ambalo watu hulisahau. Yule aliyezoea kunywa sana kila siku, na ambaye mikono humtetemeka asubuhi asipopata kitu, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Anaweza kupatwa na kifafa au kuchanganyikiwa. Aende hospitali asaidiwe kuacha kwa utaratibu.

Ulimi si maabara

Machakos ina sababu yake ya kutouamini ulimi. Mwezi Juni mwaka 2005, zaidi ya watu 40 walifariki katika wilaya hii baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na wengine wakapoteza macho. Miaka mitano kabla yake, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa kwa namna hiyo katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Mwaka 2014 vifo vikarudi katika kaunti kadhaa, na Februari 2024 kijiji kimoja cha Kirinyaga kikalia.

Jambo la kutisha ni kwamba methanoli hufanana sana na pombe ya kawaida kwa sura, kwa harufu na hata kwa ladha. Mpe mwamuzi hodari wa Brussels kikombe chenye kiasi cha kuua, naye hatakuwa na hakika ya kuigundua. Ndani ya mwili, ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia mshipa wa jicho. Dalili huweza kuchelewa saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, kutapika, tumbo kusokota, na kuona kana kwamba kuna ukungu au theluji mbele ya macho. Mtu wa namna hiyo asilazwe nyumbani eti pombe imtoke. Apelekwe hospitali mara moja, kwani tiba ipo, nayo hufaa zaidi ikiwahi.

Kwa hivyo siwezi kukubaliana na wale wanaosema vinywaji vyote ni sawa. Bia ya kiwandani iliyopimwa ina ubora mmoja mkubwa: unajua kilichomo. Hilo ni jambo la afya, na ni la maabara, wala halikuletwa na medali.

Pombe zisizo na kitengo

Je, vipi kuhusu pombe za wazee wetu? Hapa Ukambani tuna kaluvu, na jirani zetu wana muratina na busaa. Zilipikwa kwa sherehe, kwa mahari na kwa mikutano ya wazee, na kijana hakuzigusa bila ruhusa. Huo nao ulikuwa mfumo wa uamuzi. Mzee aliyeonja kwanza ndiye aliyekuwa jaji, na mpishi aliyeharibu pombe aliaibika mbele ya ukoo mzima.

Mfumo huo umevunjika, na hatujaweka mwingine mahali pake. Chang'aa ilipigwa marufuku mwaka 1980. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 ikaifuta sheria hiyo na kuruhusu kinywaji hicho kitengenezwe kwa leseni, lakini mapipa ya kando ya mito hayakukoma. Mwaka 2004 ilizinduliwa bia ya bei nafuu ya Senator Keg, serikali ikiisamehe ushuru ili mtu wa kipato cha chini awe na kinywaji salama. Ushuru wa asilimia 50 ulipowekwa mwaka 2013, mauzo yake yaliporomoka. Kiu ya wanywaji haikuporomoka nayo.

Huko nje, wenzetu wamejua kuzihifadhi pombe zao. Sahti, bia ya kale ya mashambani nchini Finland, imo katika mwongozo wa mwaka 2021 unaotumiwa na waamuzi wengi wa Marekani, katika kundi la bia za kihistoria. Busaa haimo. Sioni haya kusema, ingawa mimi ni daktari, kwamba ningefurahi kuona pombe zetu za kiasili zikipewa kitengo. Sababu yangu ni ya kiafya. Kitu kisicho na jina wala kipimo hakiwezi kukaguliwa. Kaluvu ya nyumba hii ina nguvu hii, ya nyumba ya pili ina nguvu nyingine, na mnywaji hawezi kufanya ile hesabu tuliyoifanya hapo juu.

Mapendekezo yangu

Kwanza, kila medali inayochapishwa kwenye chupa iambatane na gramu za alkoholi zilizomo, kwa maandishi yenye ukubwa uleule. Asilimia pekee haitoshi, kwani wengi hawajui kuigeuza. Mtu akiona "gramu 39" kando ya dhahabu, ataelewa anachonunua.

Pili, wanaoandaa maonyesho na mashindano ya vinywaji hapa Kenya waweke kitengo cha bia zisizozidi asilimia 3.5, na kingine cha bia zisizo na alkoholi, na washindi wake wapandishwe jukwaani pamoja na wengine. Atakayesema bia dhaifu haiwezi kuwa tamu aulize kilichotokea Uingereza mwaka 2000 na 2007. Wapishi wa bia ni watu wa fahari. Ukiwapa taji la kugombea, watalitafuta, na kila mmoja wao akifaulu kupika bia nzuri ya asilimia tatu, kazi yetu kliniki itapungua.

Tatu, serikali itumie ushuru kumwelekeza mnywaji. Mwaka 2011 Uingereza ilipunguza ushuru wa bia zisizozidi asilimia 2.8 na kuuongeza kwa zile zinazozidi 7.5. Kenya nayo mwishoni mwa 2024 ilibadili sheria ili ushuru wa vileo uhesabiwe kwa kiasi cha alkoholi halisi. Huo ni mwelekeo mwema. Ila mtunga ushuru asisahau yaliyotokea 2013 na 2014. Ukimfungia maskini mlango wa kinywaji kilichopimwa bila kumsaidia kuacha, atapitia dirishani.

Nne, wewe mwenyewe, msomaji. Ukitaka kuendelea kunywa, fanya kama waamuzi wanavyofanya. Wao hutumia vikombe vidogo. Hunywa maji katikati. Hawachanganyi onyo na mashindano ya kumaliza kreti. Huandika walichoonja, basi nawe andika kwa wiki mbili kila chupa unayokunywa pamoja na gramu zake. Usizungumze na mtu kuhusu daftari hilo. Lisome tu mwisho wa wiki ya pili. Wengi niliowapa zoezi hili walipunguza kabla sijawaambia neno.

Na kama hunywi, usianze kwa sababu ya medali yoyote.

Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Walimlaumu mgema kwa kulewa sifa, na walikuwa na haki, kwani alikuwa akimpunja mnunuzi. Lakini leo mgema wetu wa kiwandani akisifiwa hufanya kinyume: huzidisha ukali, kwa kuwa ameona ndio unaopigiwa makofi. Makofi hayo ni yetu. Tukiyahamishia kwa anayepika bia tamu na nyepesi, akaandika wazi kilichomo, huenda tembo likatiwa maji tena, na safari hii kwa idhini ya mnywaji na kwa faida ya ini lake.